Masizi Katika Kichupa cha Wanja

"Hivi kati yako wewe na wifi yako, nani hasa aliyefiwa?"

Jirani wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyewahi kuuliza hivyo, amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni, siku chache baada ya mazishi. Hakuwa na ubaya. Aliona tu mjane anafagia uwanja macho makavu, na dada wa marehemu amelala ndani, hali wala hanywi, amelia mpaka sauti imekauka.

Mjane aliinamia ufagio. Aliendelea kufagia.

Leo swali lile lilimrudia mahali pabaya kabisa. Kwenye ngazi za jengo la kuegeshea magari, akimkimbiza mtu.

Mtu mwenyewe alivaa koti la fundi umeme na viatu vya raba. Alikuwa mwepesi. Aliruka ngazi mbili mbili kama mbuzi.

Mjane alikuwa mwepesi zaidi.

Mtaani walijua anafanya kazi serikalini, mambo ya makaratasi. Huko kazini kwenyewe, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni, walimwita Sindano. Mkuu wake alikuwa akisema: huyu huingia bila kelele, na maumivu unayasikia akishatoka.

Kifaa cha sikioni kilikoroma.

"Sindano, uko wapi?"

"Napanda ghorofa ya juu."

"Masizi yametoka jikoni. Narudia, masizi yametoka jikoni. Huyo usimpoteze."

"Simpotezi, Mkuu. Nasikia mapafu yake kutoka huku."

Akakata.

Juu hapakuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na magari yaliyoota jua, na ukingo wa saruji, na hewa tupu baada ya ukingo. Fundi alitazama chini, akaghairi. Alipogeuka alikuta mdomo wa bastola ya Glock unamwangalia.

"Kaa chini," Sindano alisema. "Pole pole. Mikono kichwani, kama mtu anayefikiri."

Fundi akakaa. Lifti ikafunguka, akatoka Kobe, dereva wake, mtu mnene mwenye jasho. Walimpa jina hilo kwa kumtania, maana akishika usukani wa ile Land Cruiser huwa anaendesha kama nyumba yake inaungua.

"Dada, ungenisubiri."

"Ningekusubiri, huyu tungemsoma kwenye gazeti."

Kobe akamsachi. Mfuko wa nje, bisibisi. Mfuko wa ndani, simu. Ndani ya soksi, kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Akakifungua, akacheka.

"Wanja. Fundi umeme, unapaka wanja?"

Sindano hakucheka.

Kilikuwa kichupa cha shaba, kifuniko chake kama tone la maji, na kijiti chembamba ndani. Alikigeuza. Kitakoni palikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi.

Mkwaruzo ule aliuchora yeye mwenyewe, kwa ncha ya kisu, mezani kwake. Alinunua vichupa viwili safarini, kimoja chake na kimoja cha wifi yake, akakwaruza cha wifi ili visichanganyike.

Akakifunika haraka kwa kiganja.

Maana tangu kaka yake azikwe, wifi hakuwahi kupaka wanja tena. Ila siku za karibuni Sindano alikuwa akikiona kichupa kile asubuhi, kinaingia kwenye mkoba. Na kila alipokiona alishukuru kimoyomoyo. Alisema, Mungu ni mwema, mtoto wa watu ameanza kupona. Yeye, ambaye kazi yake ni kuangalia, hakuangalia hatua moja zaidi. Mkoba ulikuwa na wanja. Macho hayakuwa nao.

"Dada?" Kobe alimwangalia. "Umeona nini?"

"Hakuna." Akakitia kichupa mfukoni. Akachuchumaa mbele ya fundi. "Hiki unampelekea nani?"

"Mimi mchukuzi tu, mama."

"Sikukuuliza kazi yako."

Fundi alitazama ukingo tena. "Bwana Tai."

"Tai ndege au tai ya shingoni?" Kobe aliuliza.

"Ya shingoni. Hata jua likiwa la kuchoma haivui. Mgeni, lakini Kiswahili anakijua kuliko wewe. Hicho ni cha kuonja tu. Mzigo wenyewe ni picha. Zinakabidhiwa leo, na mtu wa ndani anazileta kwa mkono wake."

"Mtu wa ndani ni nani?"

"Haki ya Mungu simjui. Mimi nilikuwa nakichukua chini ya sinki, choo cha wanawake cha maabara, nikienda kubadilisha taa, halafu nakirudisha kitupu."

Sindano aliinuka.

Yeye alikuwa anamjua.

*

Maabara ilikuwa nyuma ya mji, jengo la chini lisilo na madirisha upande mmoja. Ndani mlinuka kiberiti kilichokwisha kuzimwa. Sindano alikuwa hajaingia humo tangu siku walipomkabidhi sanduku la maiti ya mumewe, limefungwa, wakamwambia asilifungue.

Profesa alimpokea bila maswali. Alikuwa mzee mwenye nyusi nyingi, koti lake jeupe limeungua mkono mmoja. Alimimina chembe ya unga mweusi kutoka kwenye kichupa, akaiweka chini ya darubini, akasogeza lenzi.

"Ni yetu," alisema hatimaye. "Haya ni masizi ya chumba cha chuma."

"Niambie kama unamwambia mtu wa darasa la saba, Profesa."

"Njoo."

Akampeleka penye dirisha la kioo kinene. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha chuma, duara, kama pipa kubwa lililolazwa. Bomba refu liliingia ubavuni mwake.

"Mle tunalipua kitu kidogo, kama kidole gumba hivi. Mlipuko ukitokea, kaboni iliyomo inaachwa peke yake. Halafu inaanza kushikana. Ni kama watu waliopata habari ya msiba, mama. Mwanzo kila mmoja amesimama kivyake, amepigwa bumbuwazi. Kufumba na kufumbua, wameshikana mafungu mafungu. Basi hayo mafungu ndiyo masizi. Mengine yakibanwa sana yanageuka almasi, ndogo kuliko vumbi."

"Na mnaonaje, kama ni kufumba na kufumbua?"

"Kufumba na kufumbua ni uzembe. Kwetu hapa, ukipepesa jicho mambo yameshaanza, yameisha, na yamepoa. Kwa hiyo tunatumia eksirei. Kama ile ya kupiga mfupa uliovunjika, ila kali mno na ya haraka mno. Inapita katikati ya moto, inatuletea picha ya kaboni ikiwa inashikana. Moja baada ya nyingine." Akasita. "Mtambo huo aliutengeneza marehemu."

"Najua."

"Samahani."

"Endelea. Mtu akizipata hizo picha zote?"

Profesa alivua miwani. "Sisi tunataka kujua jinsi baruti ya machimboni inavyolipuka, tuokoe wachimbaji. Lakini mwenye roho mbaya, akiwa na picha na masizi yenyewe, anajua nguvu ya mlipuko inapotelea wapi. Atatengeneza kitu kidogo cha kubeba kwenye mfuko wa shati, apite nacho mlango wowote. Sokoni. Shuleni. Nyumba ya ibada."

Sindano alitazama pipa la chuma. Aliona wajane. Wengi, wamekaa kwenye mikeka, hawajui hata wa kumlaumu.

"Nani anakwangua masizi baada ya mlipuko?"

"Wifi yako," Profesa alisema. "Mikono yake haitetemeki. Lakini leo hayupo, aliomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Alisema anakwenda kumpokea kaka yake."

Sindano aliondoa macho kwenye pipa.

Profesa akatabasamu kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. "Sikujua ana kaka mwingine. Ni wa baba mdogo, siyo?"

Sindano alikwisha kuelekea mlangoni. Wifi yake alikuwa na kaka mmoja tu. Huyo alikuwa chini ya udongo.

*

Kobe aliwasha gari kabla mlango haujafungwa.

"Tunakwenda wapi, dada?"

"Subiri."

Alipiga simu. Iliita, ikaita.

"Wifi," sauti ya upande wa pili ilisema. Ilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomuumiza. Hakuwa ameisikia ile furaha tangu mazishi.

"Uko wapi, wifi yangu?"

"Nipo mjini. Usile mpaka nirudi. Nakuja na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Ukimwona utaanguka. Mimi mwenyewe nilianguka." Akacheka, na katikati ya kicheko kulikuwa na kilio. "Wifi, nisamehe nilivyokusema vibaya moyoni. Nilidhani huna uchungu. Leo yote yanaisha."

"Wifi, sikiliza. Usimpe mtu yeyote kitu chochote. Unanisikia?"

Simu ikakatika.

Papo hapo ikaita tena. Haikuwa yeye. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, hebu niambie ukweli. Huyu mwenzio kaniambia nipike cha kutosha, kuna mgeni. Nikamuuliza mgeni gani, kaniambia nitoe ile sahani ya bluu ya marehemu. Nimeishika hapa mkononi. Kuna kitu mnanificha?"

Sindano alifumba macho. "Mama, endelea tu kupika. Nitakuja."

"Na mgeni?"

"Nitakuja, mama."

Akaibana simu mapajani. Kobe aliangalia mbele, akajifanya hasikii. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua wakati wa kufunga mdomo.

Sindano alibonyeza kifaa cha sikioni.

"Mkuu. Naomba mnitafutie simu moja iko wapi." Akaitaja namba, bila kusema ya nani.

Redio ya Motorola ya kwenye dashibodi ikajibu baada ya muda.

"Hoteli nyuma ya stesheni ya treni. Ghorofa ya pili, upande wa uani. Namba ni ya nani, Sindano?"

"Nikitoka humo nitakwambia."

"Sindano."

"Nikitoka, Mkuu."

Kobe alikata kona, akapita katikati ya malori mawili ambayo hata baiskeli ingesita.

*

Hoteli ilikuwa ya wasafiri wa kulala na kuondoka. Zulia limechakaa katikati, limebaki na rangi pembeni. Mhudumu wa mapokezi aliona kitambulisho, akaona na Glock, akagundua ghafla kwamba ana kazi jikoni.

"Wewe kaa uani, chini ya dirisha," Sindano alimwambia Kobe. "Akiruka mtu mwenye tai, mpokee."

"Nimpokee vipi?"

"Bila heshima."

Akapanda peke yake. Mbele ya mlango alipiga goti. Alitoa waya mwembamba wenye kamera ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, akaupitisha chini ya mlango, akatazama kwenye simu yake ya Samsung. Meza. Viti viwili. Chupa ya chai. Kwenye kiti kimoja, wifi yake, amevaa gauni lake la sherehe, kadi ndogo ya kumbukumbu ameishika kwa ngumi. Mbele yake, mwanamume mwenye tai nyekundu, mpole, anamimina chai.

Wifi alikuwa anatazama mlango. Alikuwa anamsubiri kaka yake aingie.

Ee Mungu, nisimamie, Sindano alinong'ona.

Akaupiga mlango teke.

"Mikono juu. Wote."

Bwana Tai hakushtuka sana. Aliweka chupa chini taratibu, akainua mikono. Wifi ndiye aliyeruka.

"Wifi, usiharibu. Nakuomba usiharibu. Yupo hai."

"Nani yupo hai?"

"Mume wako." Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajua. "Hakufa. Siku ile ya mlipuko walimtoa, wakamchukua. Ndani ya lile sanduku tulizika mawe. Wewe uliona uso wake? Mimi sikuuona. Hakuna aliyeuona."

Ni kweli. Hakuna aliyeuona.

"Wakipata picha wanamwachia. Yuko chini, kwenye gari. Msikilize mwenyewe, wifi. Usinisikilize mimi. Msikilize yeye."

Akaigusa simu yake ya Tecno iliyokuwa mezani.

Na mume wa Sindano akaongea.

Ilikuwa sauti yake. Si sauti ya kufanana. Yake, na ule ukwaru wa koo, na namna alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Mtutu wa bastola ya Sindano ulishuka, kidogo tu. Alisahau ofisi, alisahau mwanamume mwenye tai. Kwa muda ule alikuwa mke wa mtu.

"Dada, ni mimi. Nipo. Wape wanachotaka, waniachie. Msimwambie mtu. Mwambie shemeji yako asilie, nakuja nyumbani."

Simu ikanyamaza.

Sindano alisimama vilevile. Kitu kilikuwa kimemchoma, hakujua ni nini. Kama unapokula na jino likauma jiwe.

"Irudie," alisema.

"Unaona? Umeamini."

"Irudie ile ya mwisho."

*Mwambie shemeji yako asilie.*

Hapo akajua. Na alipojua, mume wake alikufa mara ya pili, mbele ya macho yake, kwenye chumba cha hoteli chenye zulia bovu.

"Wifi," alisema taratibu, "mimi kwako ni nani?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu. Mimi mke wa kaka yako. Wewe mwanamke. Mimi kwako ni nani?"

Wifi aliibana kadi zaidi ndani ya ngumi.

"Tangu siku niliyoolewa, kaka yako alikuwa akikuambia, kamwite wifi yako, kamsaidie wifi yako. Alipokasirika, wifi yako. Alipocheka, wifi yako. Huyo hapo kasema shemeji."

"Amechoka," wifi alisema haraka. "Wamempiga. Mtu akipigwa anachanganya maneno."

"Mtu akipigwa atasahau hata jina la mke wake. Lakini wifi wa nani ni nani, hilo halitoki. Liko kwenye ulimi, haliko kichwani."

"Amechoka, nimekwambia."

Sindano alimgeukia Bwana Tai. "Wewe. Kiswahili chako wanakisifia. Mke wa kaka yako unamwitaje?"

Bwana Tai alitabasamu. Labda alidhani anapewa nafasi ya kuongea. Labda alijivunia.

"Shemeji," alisema, kwa lafudhi safi kabisa. "Kwani wewe unamwitaje?"

Wifi aliinamisha kichwa.

Kwa mwanamume, jibu lilikuwa sahihi. Alijifunza lugha kwa wanaume, akala nao, akacheka nao, akasikia wakiwaita wake za kaka zao shemeji. Alipokaa kuyaandika maneno ya maiti, hakukumbuka kwamba atakayesikiliza ni mwanamke.

"Sauti mliipata wapi?" Sindano aliuliza. "Kwenye kanda za maabara, siyo? Alikuwa anahesabu kabla ya kila mlipuko. Mlikaa mkamkatakata, mkamshona upya."

Tabasamu la Bwana Tai lilikuwa limeanza kuganda.

"Nilisikia," wifi alisema.

Alikuwa anatazama sakafu.

"Mara ya kwanza kabisa, nilisikia. Nikasema, mbona kasema shemeji. Halafu nikasema, hapana, sikusikia vizuri. Kila nikiisikiliza, pale nilikuwa napiga kikohozi, nisisikie." Akainua uso. "Wifi, mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nataka tu aje."

Bwana Tai aliona wanawake wawili wanaangaliana. Akaona nafasi yake.

Alimvuta wifi kwa nywele, akamkinga mbele yake. Bastola ndogo ilitoka chini ya tai, ikakaa kwenye shavu la wifi.

"Basi, mafunzo ya lugha yamekwisha. Weka silaha chini, mama. Na wewe nipe kadi."

Sindano aliinama, akaiweka Glock kwenye zulia.

"Kadi," Bwana Tai alisema.

Wifi alifumbua ngumi. Aliitazama ile kadi, ndogo kama ukucha. Ndani yake kulikuwa na kazi yote ya kaka yake: moto uliosimamishwa, kaboni ikitafutana na kushikana, picha baada ya picha.

Akaitia mdomoni. Akaivunja kwa magego.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa karanga.

Bwana Tai alipiga kelele kwa lugha yake, akamgeuza amkabe koo. Bastola iliacha shavu. Haikuacha kwa muda mrefu, lakini Sindano hakuhitaji mrefu. Alirusha chupa ya chai, ikampasukia usoni. Akajitupa chini, akaokota Glock, akalenga.

Risasi moja. Begani.

Bwana Tai aliyumba, akalifuata dirisha kwa kinyumenyume, akatoka na kioo na pazia. Chini ulisikika mshindo, halafu sauti ya Kobe, ya upole kabisa:

"Karibu, shemeji."

*

Wifi alitema vipande kwenye kiganja. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu. Sindano alivua kitambaa chake cha kichwa, akampangusa, kama anavyopanguswa mtoto. Walikaa sakafuni, wameegemea kitanda.

"Hukulia," wifi alisema. "Siku zote zile. Nilikuchukia kwa hilo."

"Nililia bafuni. Nilikuwa nafungulia maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kwa niaba yetu sote wawili. Nikaona mmoja wetu afagie uwanja."

Wifi alicheka, akaguna kwa maumivu. Akalaza kichwa begani mwa Sindano. Alinuka manukato ya sherehe, yale aliyojipaka ili kumpokea mtu asiyekuja.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Sindano. Kobe ananiambia Bwana Tai tunaye. Picha je?"

"Zimeharibika. Hazikutoka."

"Alhamdulillahi, Mungu mkubwa. Na mtu wa ndani?"

Sindano alitazama vipande kwenye kiganja cha wifi yake.

Wifi alikuwa amesikia. Aliinua kichwa. Aliongea kwa kunong'ona, haraka, bila kumtazama.

"Kuna mlango wa nyuma, wifi. Niliuona wakati naingia. Sema alikimbia. Fundi hanijui. Kadi nimeivunja mwenyewe. Mama ana nani mwingine? Niache niende nyumbani tukale, mimi na wewe na mama. Kesho nitaacha kazi. Hakuna atakayejua."

Ni kweli. Hakuna ambaye angejua.

Sindano aliwaza mama mkwe, na sahani ya bluu. Akawaza masizi yaliyokwishatoka, mara ngapi, chini ya sinki, na yako mikononi mwa nani sasa. Bwana Tai asingesema, na mtu mwingine aliyejua alikuwa amekaa ubavuni pake. Akienda nyumbani kula, masizi yale yangeendelea na safari yake mpaka kwenye mlango wa soko fulani. Akawaza mwanamke fulani asiyemjua, anamsubiri mume wake arudi.

"Sindano? Nimeuliza mtu wa ndani."

Alishika mkono wa wifi yake, akaubana.

"Ninaye," alisema. "Ni wifi yangu."

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Pole," Mkuu alisema.

Wifi hakuupokonya mkono wake. Aliunyoosha na wa pili, akaviweka viganja pamoja mapajani, vyeusi kidogo kwenye kucha, kwa masizi yasiyotoka kwa sabuni.

"Nifunge wewe," alisema. "Asinifunge mwingine."

Akamfunga yeye.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Kobe alitaka kumsindikiza mpaka ndani, akamkatalia.

Meza ilikuwa imetandikwa. Sahani nne. Ile ya bluu iliwekwa mahali pa mwanamume wa nyumba, na bilauri yake kando. Mama mkwe alikuwa amekaa, mikono mapajani, amevaa nguo ya kutokea. Alitazama nyuma ya Sindano, kuona nani mwingine anaingia.

Hakuingia mtu.

"Mgeni yuko wapi?"

Sindano alivuta kiti, akakaa karibu naye, magoti kwa magoti.

"Hakuna mgeni, mama. Kuna watu walimwambia wifi kwamba mwanao yuko hai. Wakamsikilizisha sauti. Ilikuwa ya uongo."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa ameshikilia mzigo mlangoni, akaambiwa autue.

"Nilijua," alisema. "Nilipoitoa hii sahani nilijua. Lakini mkono ukaiosha." Akaisukuma kando. "Na mtoto wangu? Yeye yuko wapi?"

"Ameshikwa, mama. Aliwapa vitu vya kazini, vya hatari. Alitaka kaka yake arudi."

"Yu mzima?"

"Mzima. Ameumia mdomo kidogo."

"Nani kamshika?"

Sindano angeweza kusema serikali. Angeweza kusema polisi. Maneno yalikuwepo, tena mengi, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kuyatumia.

"Mimi, mama."

Mama mkwe alimtazama. Alimtazama kama anamtafuta mtu ndani ya uso ule, mtu aliyekuwa akimchania nywele, akimpa dawa, akimwita mwanangu mbele za watu.

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Ulikuwa unaweza kumwacha?"

"Nilikuwa naweza."

Saa ya ukutani ilisikika. Jirani, upande wa pili wa ukuta, alikuwa anaosha vyombo.

Mama mkwe aliinuka. Alikwenda kwenye sufuria, akachota chakula, akajaza bakuli la kubebea, akalishindilia kwa mgongo wa mwiko mpaka kifuniko kikafunga kwa shida. Akachukua kijiko, akakifuta, akakitia mfukoni. Alilifunga lile bakuli kwa kitambaa, fundo mara mbili.

"Kituo gani?"

Sindano alimwambia.

"Nikupeleke, mama. Gari lipo nje. Mimi nitakaa mbali, hutaniona. Nikupeleke tu."

Mama mkwe alivaa ndala zake, ya kushoto, ya kulia. Akapachika bakuli chini ya kwapa, akapita katikati ya meza na Sindano, akafungua mlango, akatoka, akalipita gari kwa miguu.